Vyeti Viwili vya Shemeji Adolf

Shemeji yangu Adolf ana kilo mia moja na kumi, sauti isiyohitaji kipaza sauti, na hofu ya kuvua shati mbele ya nesi. Nimemwomba Mungu mara nyingi aniondolee dharau niliyo nayo juu ya mtu huyu. Bado naomba. Lakini nikisema leo kwamba nampenda kama ndugu katika Bwana, nitakuwa naongeza uongo wangu juu ya wake, na wake unatosha ukoo mzima.

Adolf ni kaka mkubwa wa mume wangu Onesmo. Alikuwa nahodha wa boti ya mbao pale Kibirizi, akipeleka abiria na mizigo vijiji vya mwambao. Ni mzee wa kanisa letu hapa Katubuka pia, na hukaa mstari wa mbele ili sisi wa nyuma tumwone anavyoinamisha kichwa. Mwaka jana kampuni moja ya mizigo ilitafuta nahodha wa boti yao mpya ya chuma. Nahodha wao wa zamani alikuwa ameanguka juu ya usukani katikati ya ziwa, kwa hiyo safari hii waliweka sharti: anayetaka kazi alete cheti cha kliniki kinachoonyesha kwamba moyo wake umepimwa na ni mzima.

Jumapili moja baada ya ibada Adolf alikuja kwetu na kilo mbili za sukari. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu hakuwahi kuja na kitu mkononi. Nilipoiona ile sukari mezani nilijua tunanunuliwa, ila sikujua bado ni nani anayeuzwa.

"Shikamoo kaka," Onesmo alimwamkia.

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu simama nikuone. Unaona kifua hicho? Chuma!"

"Ni magunia, kaka. Dagaa hawabebeki kwa kifua laini."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka ukapimwe moyo."

"Lakini siumwi."

"Ungekuwa unaumwa ningekuomba wewe?"

Ndipo akatueleza. Onesmo aende kliniki ya pale Mwanga na barua ya kampuni, aseme yeye ndiye Adolf, apimwe, alete cheti. Wawili hawa wanafanana sana usoni. Wanatofautiana kuanzia shingoni kushuka chini.

Nikamuuliza, "Shemeji, moyo wa mtu mwingine utakusaidiaje kuendesha boti?"

"Mama Bariki, haya ni mambo ya ofisi. Wewe tuletee chai."

Baadaye Onesmo aliniambia kilichomtisha kaka yake. Manahodha wa Kibirizi walikuwa wanaambiana kwamba ile mashine ya umeme wa moyo ina waya kumi, na mmojawapo kazi yake ni kutafuta pombe, hata uliyokunywa ukiwa kijana. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne, aliyevuka mawimbi ya ziwa hili usiku na mchana, aliogopa waya. Na pombe yenyewe kanisani anaikemea vizuri kuliko mchungaji.

Onesmo alikubali. Kwao, baba akishafariki, kaka mkubwa ndiye baba, na neno lake halirudishwi. Mimi ningeweza kulirudisha. Sikulirudisha. Niliweka sukari yake kwenye chai ya watoto, na hilo nimelitubu kwa jina lake, si kwa jumla jumla.

Siku aliyokwenda kliniki alirudi jioni akiwa amechangamka kama mtu aliyetoka kutalii.

"Haumi hata kidogo, mke wangu! Kwanza wamenifunga mkono, wamepima presha. Kisha nesi mmoja anaitwa Melania amenilaza, amenibandika vistika kifuani, mikononi na miguuni, akavifunga waya. Mashine ikatema karatasi yenye vilima vilima. Wanaita ECG. Halafu nikakumbatia ubao wa baridi, wakanipiga picha ya kifua. Mwisho daktari bingwa, yule anayekuja mara moja kwa mwezi, akanipaka jeli hapa ubavuni, akapitisha kidude kama kipande cha sabuni. Eko. Nimeuona moyo wangu kwenye kioo, Eufrasia! Una milango midogo inafunguka na kujifunga."

"Daktari alisemaje?"

"Hakusema. Alikaa nao muda mrefu, akirudia sehemu ileile. Kisha akaniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa sana koo, viungo vikavimba. Nikasema ndiyo. Halafu nikakumbuka mimi ni Adolf. Nikasema hapana, huyo alikuwa mdogo wangu."

"Na nini tena?"

"Akauliza nalala na mito mingapi. Nikasema mmoja. Sasa nitajuaje Adolf analala na mingapi?"

Onesmo analala na mitatu. Akilala na mmoja anakohoa na kuamka akitafuta hewa. Sisi tulisema ni vumbi la dagaa. Kibirizi nzima inakohoa vumbi la dagaa. Miguu ikivimba, tulisema ni kusimama majini. Kila dalili tulikuwa na mahali pa kuiweka.

Cheti walikitia katika bahasha wakaifunga, kwa kuwa kilikuwa kinakwenda kwa mwajiri. Onesmo akaipeleka kwa kaka yake ikiwa bado imefungwa, kama mtoto mwema aliyetumwa dukani. Kesho yake tulimuuliza Adolf majibu.

"Safi," alisema. "Ila kampuni wana mambo yao. Tusubiri."

Wiki iliyofuata, kwenye maombi ya Jumatano, alisimama akaomba kanisa limkumbuke kwa ajili ya "jambo zito la mwili". Hakulitaja. Alikuwa na uso mrefu, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilihitaji kipaza sauti. Mchungaji Elikana akatangaza siku tatu za kufunga. Nilifunga zote tatu. Nilikuwa nafua, nachota maji, nakwenda masomo yangu ya jioni nikiwa na tumbo tupu, nikimlilia Mungu kwa ajili ya mwili wa Adolf, mwili ambao siku hizo tatu, kama nilivyokuja kuambiwa na mkewe Frida, haukukosa hata kifungua kinywa.

Jumapili moja, wiki sita tangu Onesmo apimwe, Adolf aliomba nafasi ya ushuhuda. Alipanda mbele na karatasi mbili.

"Wapendwa, hiki ni cheti cha kwanza! Mashine imesema moyo umetanuka. Mlango mmoja wa moyo, wanauita valvu, umebana. Nipelekwe Dar es Salaam haraka! Mlinifungia, mliniombea. Na hiki, wapendwa, ni cheti cha pili cha juzi Ijumaa, kituo kingine, mashine nyingine. Moyo, mzima! Na kampuni imenipa boti!"

Kanisa lililipuka. Vigelegele, makofi, mama mmoja alitupa kitenge chake sakafuni. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono juu, kisha mikono ikaanza kushuka yenyewe. Cheti cha kwanza. Onesmo ndiye aliyekumbatia ubao wa baridi. Nikageuka. Alikuwa amekaa, ameziba mdomo kwa leso, anakohoa, na macho yake yako kwa kaka yake.

Naomba msomaji anielewe hapa. Naamini Mungu anaponya. Nimemwona akiponya, na nitakufa nikisema hivyo. Ndiyo sababu sikuchukia tu. Nilimdharau yule mtu mpaka nikaona aibu ya kukaa naye chini ya bati moja. Mwizi wa kuku hujificha. Huyu alikuwa amemshika Mungu mkono akaingia naye kuiba.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Onesmo, "Kile cheti cha kwanza ni kifua chako."

"Najua."

"Basi?"

"Basi nimepona."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ugonjwa ulikuwa kwenye ile karatasi," alisema taratibu, kama mtu aliyelifikiria njia nzima. "Kanisa limeuombea siku tatu. Karatasi ina jina la Adolf, lakini ugonjwa ni wangu. Mungu hasomi majina kwenye vyeti, Eufrasia. Anakijua kifua."

Ningeweza kuyasema maneno hayo mimi mwenyewe. Nilikaa nikayatafakari. Kisha nikamuuliza, "Na cheti cha pili? Aliyevua shati Ijumaa ni nani?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Ni wewe?"

"Ni kaka. Alisema boti ya chuma ilimpa ujasiri."

"Kwa hiyo kilichoonekana kizima ni kifua ambacho hakijawahi kuumwa. Chako nani amekiangalia tena?"

"Unataka nimpime Mungu?"

"Nataka upimwe wewe."

Jumatatu alikwenda kubeba magunia. Alhamisi walimleta nyumbani kwa bodaboda, makuli wawili wamemshika huku na huku. Alikuwa ameanguka kwenye ubao wa kupandia botini, na gunia likaenda majini.

"Mama Bariki, leo mzee amezidisha," mmoja alinitania. "Kama ni ya mnazi tuambie, kama ni ya ndizi tuambie!"

Onesmo hajaonja pombe tangu nimjue. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Yule kijana aliponiangalia usoni aliacha kucheka, akaenda kumtafutia maji.

Jioni ileile nilikwenda kwa Adolf, Rusimbi. Sebuleni, chini ya saa, vyeti vyote viwili vilikuwa vimening'inizwa ukutani, vimefunikwa plastiki ngumu. Wageni wakiingia anawasimamisha hapo kabla hajawakaribisha kiti. Nilisimama hapo bila kusimamishwa. Cha kwanza kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu cha masomo ya jioni bado kinatambaa, lakini tarehe niliisoma, na mstari mmoja chini uliopigiwa wino mwekundu. Neno "haraka" kwa Kiingereza tulikuwa tumefundishwa.

"Karibu shemeji," alisema. "Unaona matendo makuu?"

"Naona. Ulipofungua ile bahasha ulijua ni moyo wa nani?"

Akaangalia mlango wa jikoni, kama Frida yupo. Frida alikuwepo.

"Nilitaka kumwambia. Nikawa namsubiri Mungu anipe nafasi."

"Wiki sita hakukupa nafasi? Tunaishi mwendo wa nusu saa kwa miguu."

"Sikutaka kumtisha. Mtu mwenye moyo mgonjwa hatishwi, hata daktari atakuambia. Nikaona tuombe kwanza. Na si tumeomba?"

"Tuliomba. Wewe ulikuwa unakula."

Frida jikoni alidondosha mfuniko wa sufuria.

"Shemeji, sikiliza," akaja karibu, sauti chini. "Ukienda kule kliniki ukasema habari ya majina, kampuni watasikia. Nitapoteza boti. Na kanisa je? Watu wameokoka kwa ushuhuda ule! Unataka kumwaibisha Mungu?"

"Mungu hana cheti ukutani hapa. Mwenye cheti ni wewe."

"Nikikosa kazi nani atawasaidia nyie?"

"Nani? Kilo mbili za sukari katika miaka kumi na mmoja, shemeji. Usiseme neno kusaidia kwa sauti hiyo, majirani watakucheka."

Nikavuta kiti, nikapanda, nikakitoa cheti cha kwanza ukutani. Alinyoosha mkono kunizuia, kisha akaurudisha. Nahodha mzima, alimwogopa mwanamke aliyesimama kwenye kiti cha plastiki. Nilikiweka kwenye begi langu la daftari, nikamuaga Frida, nikaondoka.

Onesmo nilimbembeleza siku tano. Sikumwambia kwamba hajapona. Nilimwambia hivi: wale wakoma kumi waliotakaswa, Bwana aliwaambia wakajionyeshe kwa makuhani. Hakuwaambia wakae nyumbani wakidhani. "Kama umepona, kajionyeshe. Mashine ikisema umepona nitacheza Mwanga nzima mpaka sokoni." Siku ya tano alisema, "Sawa. Lakini kaka asijue."

Kaka alijua. Siku ya daktari bingwa tulimkuta kwenye benchi la mapokezi, shati jeupe, kofia ya kampuni.

"Mdogo wangu," akamshika bega. "Sema tu unakohoa. Waache wapime upya kama mtu mpya. Cheti kile usikitaje. Mimi ndiye baba yako sasa, ninakuomba."

Onesmo aliangalia sakafu. Jina lake likaitwa, tukaingia, na Adolf akatufuata mpaka kwenye pazia kana kwamba ni mlinzi.

Nesi Melania alimlaza, akamfungua shati, akabandika kistika cha kwanza. Cha pili kikabaki mkononi.

"Hebu. Hili kovu la ndoana nalijua. Nililikwepa wakati ule, kistika kilikuwa hakishiki." Akamwangalia usoni. "Wewe si Bwana Adolf wa maboti? Mbona umeisha hivi?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi cha kutengeneza. Onesmo alifumba macho. Mimi nilikuwa nasali bila kutikisa midomo. Kama angesema "ndiyo, ni mimi", angerudi nyumbani na jina la mtu mwingine kwa mara ya pili, na sikuona mara ya tatu.

"Naitwa Onesmo," alisema. "Adolf ni kaka yangu. Nilidanganya."

Nikaona viatu vya Adolf chini ya pazia vikigeuka na kwenda.

Melania hakupiga kelele. Alimaliza kubandika, akatoa karatasi ya vilima, akamwita daktari. Daktari alisoma cheti nilichokitoa kwenye begi, akasonya, kisha akaanza upya maswali yake ya siku ile. Koo utotoni? Ndiyo, sana, na magoti yakavimba, nikaacha shule mwaka mzima. Mito? Mitatu, na siku hizi nalala nimekaa. Ukibeba mzigo? Naona giza. Nilisikia maisha ya mume wangu yakisemwa kwa mpangilio kwa mara ya kwanza, na mengine hata mimi alikuwa amenificha.

Eko ilichukua muda. Mlango ulikuwa umebana vilevile, na zaidi kidogo.

"Lile koo la utotoni ndilo lililoharibu valvu," daktari alisema. "Ungeniambia kweli siku ile, ningekuzuia kubeba magunia siku ileile, na sindano za kuzuia koo lile lisirudi ungeanza wiki ileile. Leo utachomwa ya kwanza. Kila mwezi, usikose. Vidonge hivi vya kupunguza maji mwilini. Mzigo wowote, hapana. Na Dar es Salaam unakwenda. Kuna namna ya kuufungua mlango huo kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja. Wakiona unafaa, watakufanyia."

"Kwa hiyo sijapona," Onesmo alisema.

"Bado uko hai," daktari alimjibu. "Hicho ndicho ninachoweza kukuandikia leo."

Mchungaji Elikana nilimweleza mimi mwenyewe, na cheti mkononi. Kisha akamwita Adolf, akamwagiza arekebishe ushuhuda wake mbele ya kanisa, Jumapili kabla Onesmo hajasafiri.

Adolf alipanda mbele. Nilijiandaa kumsamehe. Nilikuwa nimeomba usiku wa kuamkia siku hiyo nipewe nguvu hizo, na nilizihisi kabisa zipo.

"Wapendwa," alianza, "nasimama kurekebisha. Ugonjwa ule kweli ulitoka kwangu, Bwana asifiwe. Lakini adui, alipoona ameshindwa kwangu, akauhamishia kwa mdogo wangu!"

Nguvu zangu zikaondoka. Na ninaona uchungu kuandika kwamba watu kama kumi walisema "Amina".

Onesmo alisimama. Alishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema. "Kaa chini."

Sijawahi kusikia mdogo akimwambia mkubwa maneno hayo katika ukoo wao, wala nje ya ukoo wao. Hata watoto waliokuwa wakicheza mlangoni waliacha. Adolf aligeuka kumtazama Mchungaji, kisha wazee wenzake, akitafuta mmoja wa kukasirika pamoja naye. Hakumpata. Akakaa.

"Kifua kilichopimwa ni changu," Onesmo alisema. Akapumzika. "Mara ya kwanza niliidanganya mashine jina, na daktari nikamdanganya habari zangu." Akapumzika tena. "Sikuhamishiwa kitu. Nilikuwa naumwa tangu mtoto. Kesho kutwa napanda treni kwenda Dar. Naomba mniombee, lakini safari hii kwa jina langu."

Watu walianza kusogea, wakamzunguka, kila mtu akitafuta mahali pa kuweka mkono. Adolf naye akainuka haraka, akapenya mpaka mbele, akanyoosha mkono wake mzito juu ya kichwa cha mdogo wake, akasafisha koo ili aongoze maombi.

"Mzee Adolf," Mchungaji Elikana akamwambia kwa upole, "wewe fumba macho tu."

Akafumba. Mimi nikaanza kuomba.